Chemirocha Hakuwa na Kwato

Iko hadithi moja ambayo sisi wana wa Afrika Mashariki tunaoishi hapa London tumesimuliwa mara nyingi mno, na wengine katika sisi wameifanya kuwa yao, wanaisimulia mbele ya wageni kama kitafunio cha kuletea chai. Hadithi yenyewe ni fupi. Zamani za ukoloni gramafoni ilifika kwa Wakipsigis, upande wa Kericho, zikapigwa santuri za mwimbaji wa Kimarekani aitwaye Jimmie Rodgers. Wanakijiji, inasemwa, hawakujua sauti ile inatoka kwa kiumbe gani. Wakaamua kwamba mwenye sauti lazima awe nusu mtu nusu swala, wakamwita Chemirocha, na wasichana wao wakamwimbia wimbo wa kumwalika aje kucheza. Hapo msimuliaji hunyamaza kidogo ili watu wacheke. Nao hucheka.

Tunaandika makala hii kuipinga hadithi hiyo. Hatusemi kwamba wimbo haupo. Upo, na ni miongoni mwa nyimbo tamu kupita zote zilizowahi kurekodiwa katika nchi ya Kenya. Wala hatusemi kwamba Rodgers hakufika Kericho. Alifika, kwa njia ya santuri. Tunachokikataa ni lile funzo linalopenyezwa chini ya kicheko: kwamba Mmarekani alikuwa msanii, na wasichana wa Kapkatet walikuwa washamba waliokosea kusikia.

Tuanze na huyo Mmarekani, maana wengi wanaolitaja jina lake hawajui habari zake. Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897, akakulia Mississippi, kusini mwa Marekani. Alifanya kazi ya reli kama mfunga breki wa treni. Mwaka 1924 madaktari walimkuta na kifua kikuu, ugonjwa ambao siku zile haukuwa na dawa, na kazi ya reli ikamshinda. Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee, aliimba nyimbo mbili mbele ya mashine za Ralph Peer, mtu wa kampuni ya Victor, akalipwa dola 100. Kutoka siku hiyo hadi kaburini hakuwa na hata miaka sita kamili. Katika muda huo alirekodi nyimbo zaidi ya 100. Mei 1933 alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho, akiwa dhaifu kiasi kwamba aliwekewa kitanda studio apumzike kati ya wimbo na wimbo. Alimaliza kazi tarehe 24, akafa tarehe 26. Alikuwa na umri wa miaka 35. Mwaka 1961, Jumba la Heshima la muziki wa kantri lilipoanza kuingiza majina kule Nashville, yeye alikuwa mmoja wa watatu wa kwanza. Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri.

Sisi hatuna ugomvi na heshima hiyo. Mtu aliyefanya kazi kama ile huku mapafu yake yakioza anastahili kukumbukwa. Lakini tuulize swali ambalo wasimuliaji wa hadithi ya Chemirocha hawaliulizi: Rodgers mwenyewe aliutoa wapi muziki wake?

Akiwa kijana alisikia nyimbo za vibarua weusi waliokuwa wakitengeneza reli za Mississippi, na nyimbo zake zilizompa jina zaidi, zile zilizoitwa Blue Yodel, zimejengwa juu ya bluzi za watu weusi. Ile sauti yake iliyoruka ghafla kutoka chini hadi juu, iitwayo yodeli, asili yake ni wachungaji wa milima ya Alps, huko Ulaya, nayo ilikwisha kuzunguka kumbi za maonyesho za Marekani kabla yake. Nyimbo nyingi alizitunga kwa msaada wa shemeji yake, Elsie McWilliams, ambaye jina lake halikuwekwa katika zote alizosaidia. Na mwaka 1930 alipoimba Blue Yodel ya tisa, aliyepiga tarumbeta alikuwa Louis Armstrong na aliyepiga piano alikuwa Lil Hardin, wala majina yao hayakuandikwa kwenye santuri.

Kwa hiyo Rodgers alichukua bluzi ya Mwafrika wa Marekani, akachukua yodeli ya mchungaji wa Ulaya, akachanganya na gitaa na maisha yake ya reli, akatoa kitu kipya. Vitabu vinauita ubunifu, na ni ubunifu kweli. Wasichana wa Kapkatet wakachukua sauti ya Rodgers, wakachanganya na ngoma yao na lugha yao, wakatoa kitu kipya. Huo ukaitwa ujinga unaochekesha. Tunataka mtu mmoja atueleze tofauti iko wapi, isipokuwa katika rangi ya aliyechukua na pesa za kampuni iliyokuwa nyuma yake.

Twende sasa Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika akiwa kijana na kutumia maisha yake kurekodi muziki wa Waafrika, alifika huko na vyombo vyake. Alikuta jina la Chemirocha limekwisha kuenea, akarekodi si wimbo mmoja bali nyimbo tatu zenye jina hilo. Wa kwanza uliimbwa na Bekyibei arap Mosonick na wa pili na Cherwo arap Korogem, kila mmoja akipiga chepkong, chombo cha nyuzi ambacho ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo. Wa tatu, huo unaosimuliwa, uliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake. Tracey ndiye aliyeandika katika maelezo yake habari za nusu mtu nusu swala, na kwamba wasichana wanamhimiza aruke katika ngoma mpaka nguo zimtoke.

Tafadhali soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Wasichana wanamwambia mwanamume mgeni aruke mpaka nguo zimwanguke. Je, hiyo ni sala ya watu waliotishwa na jini la kwenye sanduku? Mswahili yeyote anajua jina la kitu hicho: ni utani. Wasichana walikuwa wakimtania mwanamume maarufu, kama wasichana wa Unguja, Mombasa au Bukoba wanavyoweza kumtania bwana harusi anayejidai. Tunapowaita watani wetu wa mpira Simba, hakuna mtu anayedhani kwamba wachezaji wale wana manyoya shingoni. Tunapomsifu mtu kwamba ni nyoka wa maneno, hatumtafuti mkia. Lakini Mkipsigis akisema katika wimbo kwamba mtu fulani ni swala, basi haraka haraka inaandikwa kwamba anaamini hivyo.

Tutazame na jina. Wanaocheka husema, masikini, hata kulitamka jina walishindwa. Hawakushindwa. Kikipsigis hakizitenganishi sauti za j na ch kwa namna Kiingereza kinavyozitenganisha, na majina mengi ya watu huko huanza na Che: Chebet, Chelimo, Chemutai. Jimmie Rodgers akapita katika kanuni za lugha hiyo akatoka Chemirocha, jina lililokaa sawasawa kana kwamba limezaliwa pale pale. Sisi Waswahili tumefanya hivyo hivyo kwa karne nyingi. Tulichukua kitabu kwa Waarabu, na kwa kuwa kilianza na ki tukakitungia wingi wake vitabu. Tukachukua meza kwa Wareno na shule kwa Wajerumani. Kule Tanzania maneno mawili ya Kiingereza ya kumwambia dereva apite kushoto yamekuwa kipilefti, na barabara zikiwa na viwili, huitwa vipilefti. Hakuna aliyekosea hapo. Hiyo ndiyo kazi ya lugha iliyo hai: inameza kitu kigeni na kukifanya damu yake.

Jambo la tatu ni historia. Kuamini hadithi ya wanakijiji wasiojua aliyeimba ni nani kunahitaji tusahau Wakipsigis wa miaka ile walikuwa watu gani. Ardhi yao nzuri ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na walowezi na kampuni za chai. Mwaka 1934, mwaka mmoja tu baada ya Rodgers kufa, serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, viongozi wao wa kiroho, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mbali na kwao. Katika vita ya pili ya dunia vijana wa Kikalenjin waliingia Keya kwa wingi, na majeshi ya Keya yalipigana hadi Burma. Wengine waliuza nguvu zao katika mashamba ya chai, wakipokea amri za Wazungu kutwa. Mpaka kufikia mwaka 1950, watu hawa walimjua Mzungu ana miguu mingapi. Walikuwa wamekwisha kuhisi uzito wa viatu vyake.

Sasa turuhusuni tuseme kidogo kwa lugha ya kazi yetu, maana sisi tuliosomea uhandisi ugenini tumefundishwa kuuliza kifaa kinapitisha nini na kinaacha nini. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Gramafoni haikuhitaji umeme. Ilikuwa na springi ya kutia ufunguo kwa mkono, ndiyo maana iliweza kufika mahali ambapo waya wa umeme haukufika. Na kwa bahati, maikrofoni ya umeme ilianza kutumika kurekodi mwaka 1925, miaka miwili tu kabla ya siku ile ya Bristol. Kabla ya hapo mwimbaji alilazimika kupiga kelele ndani ya pembe. Rodgers aliweza kuimba taratibu kama mtu anayezungumza na jirani, na kila mpasuko wa koo lake ukaingia.

Sasa fikiri wewe ni msikilizaji usiyejua Kiingereza. Kifaa hakikuletei maana ya maneno. Hakikuletei uso, wala kofia, wala reli ya Mississippi. Kinakuletea sauti tupu: sauti ya mtu inayotembea chini kwa utulivu, kisha ghafla inaruka juu, inaning'inia, inashuka tena. Juu mnyama, chini mtu. Na huyo msikilizaji anatoka katika watu ambao ngoma yao ni ya kuruka. Afananishe sauti hiyo na nini, kama si swala?

Hivyo ndivyo tunavyousoma wimbo ule. Nusu mtu nusu swala si kosa la macho, maana hakuna kilichoonekana. Ni maelezo ya yodeli, mafupi na sahihi kuliko mengi tuliyowahi kuyasoma katika vitabu vya muziki. Wasichana wa Kapkatet walikuwa wahakiki wa Rodgers, tena wahakiki wazuri. Waliiondoa lugha wasiyoijua, wakakamata kiini chenyewe cha usanii wake, wakakijibu kwa wimbo.

Tunajua majibu yatakayokuja. Wapo watakaosema, ndugu zetu mnakasirikia jambo dogo, huu ni mzaha usiomdhuru mtu. Sisi tunaishi London, tunajua mzaha usiomdhuru mtu una kazi gani. Ndio huo unaomfanya mwenzako kazini akueleze kitu mara mbili, pole pole, wakati cheti chako na chake vimetoka chuo kimoja. Mtoto wako akikua anasikia kwamba bibi zake waliogopa gramafoni, utamfundisha vipi kwamba watu hao walikuwa na akili ya kutunga?

Wengine watasema, lakini kama si Tracey wimbo usingekuwepo, mnapaswa kushukuru. Tunashukuru. Tena tunasema Tracey alifanya jambo moja ambalo wengi wa waliomfuata hawakulifanya: aliandika majina. Chemutoi Ketienya yupo katika orodha ya rekodi zake. Alianzisha mwaka 1954 hifadhi ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ambayo sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mfululizo wake wa sahani una sahani zaidi ya 200. Lawama zetu ni kwa wale wanaochukua wimbo na swala wake, wakaacha jina la mwimbaji njiani. Rodgers wanamtaja kwa majina mawili. Mji wa Bristol wanautaja. Mwenye wimbo anakuwa "wasichana wa kabila fulani".

Na hapo ndipo penye suala la haki na mali. Peer hakuwa tajiri kwa bahati. Alielewa mapema kwamba pesa ya kudumu iko katika umiliki wa utunzi, akaanzisha kampuni ya kuzimiliki nyimbo mwaka 1928, na mtunzi akapata sehemu yake kila santuri ilipouzwa. Kwa hiyo jina kuandikwa chini ya wimbo si pambo, ni hati ya shamba. Wimbo ukiitwa wa fulani, fulani na watoto wake wana la kudai. Ukiitwa wa kabila, unageuka malisho ya wote, na anayefaidi ni mwenye ng'ombe wengi. Kenya ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, ili jamii iwe na kauli juu ya mali yake. Sheria hiyo ni mwanzo mzuri, lakini haitamsaidia mtu ambaye jina lake limekwisha kuoshwa.

London nayo haiwezi kukaa pembeni katika habari hii. Wengi wetu tunapita Hayes, tukienda kazini Heathrow au kuwatembelea jamaa Southall. Barabara ya Blyth Road ndipo palipokuwa na kiwanda kikubwa cha Gramophone Company, wenye nembo ya mbwa anayesikiliza pembe. Kampuni hiyo hiyo, kwa nembo yake ya Zonophone, ndiyo iliyouza santuri za Rodgers hapa Uingereza, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 na kuuza sauti yake pwani nzima. Leo majengo yale yamegeuzwa makazi na ofisi, na mtaa umepewa jina la kiwanda cha zamani cha santuri. Ni haki yao kujivunia. Lakini fahari ya Hayes imejengwa kwa masikio na mifuko ya watu wa Zanzibar, Mombasa na bara pia.

Basi tusiwaachie wengine kusimulia. Kuanzia mwaka 2014 hifadhi ya Tracey, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi inayoongozwa na Tabu Osusa, ilianza kurudisha rekodi zile Kenya, zikafika Kapkatet zilikotoka, na akapatikana hata mzee aliyekuwa amerekodiwa mwaka 1950 na alikuwa bado hai. Ketebul ina ushirika pia na Abubilla Music ya hapa hapa London, katika mradi wa Singing Wells wa kurekodi muziki wa jadi wa Afrika Mashariki. Kazi kama hiyo inaonyesha kwamba kurudisha kunawezekana. Kilichochukua zaidi ya miaka 60 si ugumu wa mashine. Ni uzito wa kuwaona watu wale kama watu wenye anwani.

Tunatoa ombi kwa wasomaji wetu, na tunalitoa kwa ukali kidogo. Mtu akikusimulia habari ya swala aliyeimba, muulize jina la mwimbaji. Asipolijua, mwambie wewe: Chemutoi Ketienya, Kapkatet, 1950. Ukimpelekea mwenzako wimbo huo, uandike hivyo hivyo. Ukiandaa sherehe ya jumuiya na ukapiga Jim Reeves au Kenny Rogers, kama wazee wetu wapendavyo, au ukamwita Sir Elvis aje kutoka Nairobi na kofia yake, kumbuka kwamba muziki wa kantri haukuanza kwetu juzi. Umekaa nasi tangu enzi za gramafoni, na jibu letu la kwanza kwake lilitolewa na wasichana wa Kipsigis.

Jimmie Rodgers alikuwa na chini ya miaka sita ya kurekodi, na dunia ikampa cheo cha baba. Chemutoi Ketienya dunia inamjua kwa wimbo mmoja mfupi. Hatuombi apewe cheo cha mama wa chochote. Tunataka aitwe mtunzi, na aitwe kwa jina lake.